Tundu la Sifuri

Mimi ni mbishi. Nikiambiwa programu yangu ina kosa, nabisha kwanza, naangalia baadaye. Kwa hiyo mama aliponiambia kwa simu kwamba hajafungua mlango wowote alfajiri ile, niliiamini programu, yeye sikumwamini.

Mama anaishi peke yake kijijini Ntobeye tangu baba afariki. Mimi natengeneza simu Biharamulo, karibu na stendi, na lugha ya C, ya kuandikia programu za kompyuta, nilijifundisha mwenyewe kibandani, siku zisizo na wateja. Nilimtengenezea mama kisanduku chenye nyaya tatu: mlango wa mbele, wa jikoni na wa ghala. Mlango ukifunguliwa, kisanduku kinanitumia meseji yenye namba moja tu. Ndani ya namba hiyo mna biti nane, na kila biti ni sifuri au moja: pamefungwa, au pako wazi. Ukitaka habari za biti moja, unaifunika namba yote ukiacha upenyo mmoja wa kuchungulia. Kwa mlango wa mbele niliandika `hali & (1 << 0)`, hali ikiwa ndiyo ile namba na 0 ndiyo nafasi ya biti, maana kwenye C tunaanza kuhesabu na sifuri. Ile alama ya & haina huruma. Inauliza: wa upande huu yupo? Na wa upande ule yupo? Mmoja akikosekana, jibu ni sifuri.

Wiki ya pili mambo yakaanza. Saa kumi na moja alfajiri, mlango wa mbele uko wazi. Kesho yake tena, saa ileile. Ndiyo saa ambayo baba alikuwa akitoka kwenda kuangalia migomba yake, lakini wakati ule hilo halikunijia. Nilimfikiria mama tu, na umri wake ule, akizunguka kwenye ukungu, kukipambazuka hakumbuki.

"Mrango sijaugusa," aliniambia.

Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Mwanza, hakutaka kusikia zaidi. Mama ameanza kupoteza kumbukumbu, akasema, aletwe kwake na nyumba ifungwe. Nilimpigia mama kumpa habari hizo. Akasema tukimtoa kwenye nyumba ile tutakuwa tumemzika, ila tutaendelea kumpa chakula. Iliniuma sana. Nikapanda gari kwenda kumchukua hivyo hivyo.

Alfajiri ya kwanza tuliketi wote wawili sebuleni, kompyuta iko mapajani mwangu, tunautazama mlango wa mbele. Komeo lilikuwa limeingia mpaka mwisho. Mama alikuwa amejifunika kitenge, na mezani alikuwa amemimina chai vikombe vitatu. Sikuuliza. Saa kumi na moja na dakika chache simu ikatetemeka. Namba: moja. Kompyuta ikaandika: mlango wa mbele uko wazi.

Niliutazama ule mlango. Ulikuwa umefungwa. Nikainuka, nikalishika komeo kwa mkono; lilikuwa palepale.

"Umeona?" mama akasema, kwa upole ulioniudhi.

Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya tangu siku ya kwanza: kupima biti moja baada ya nyingine. Nikavuta komeo, nikafungua mlango wa mbele. Biti sifuri haikutikisika. Iliyoamka ilikuwa biti inayoifuata, niliyoiita jikoni. Nikafungua jikoni, ikaamka ya ghala. Milango yote ilikuwa imesogea nafasi moja, kama watu kwenye benchi la kanisani wanapompisha mtu akae.

Nikafungua kisanduku. Tundu lenye alama ya 0, la biti sifuri, lilikuwa tupu. Nikakumbuka siku ya kukifunga, mimi niko juu ya ngazi nikivuta nyaya, mama yuko chini akikaza skrubu kwa kisu cha jikoni. Nilimwambia waya wa mlango wa mbele auweke tundu la kwanza. Naye akauweka kwenye 1, kama mtu yeyote mwenye akili zake. Tundu lisiloshikwa na waya huokota unyevu, huokota umeme wa hewani, na hujisemea moja bila kuguswa na mtu. Hilo naweza kulieleza. Kwa nini iwe saa ileile kila siku, sijui.

Kuuliza si ujinga, wanasema. Mimi nilikuwa nimeiuliza kompyuta, mama sikumuuliza.

"Mama, hili la sifuri mbona uliliruka?"

"Sifuri si ya asiyekuwepo?" alisema. "Nikamwachia baba yako."

Nikavitazama vile vikombe. Kimoja kilikuwa kimepoa, hakijaguswa. Nilimwomba mama radhi, na kulipopambazuka nikampigia dada: mama haendi popote, aliyekosea ni mimi. Kisha nikatafuta kipande cha waya. Tundu tupu dawa yake ni kuliunganisha na waya wa ardhi, basi linatulia na sifuri yake.

"Ngoja nilipeleke ardhini hili, litulie," nikamwambia mama.

Akaweka kiganja juu ya kisanduku.

"Baba yako tulishampeleka ardhini mara moja," alisema. "Inatosha, mwanangu."

Nikaurudisha waya mfukoni. Milango niliisogeza kwenye programu, kila mmoja nafasi moja, na biti sifuri siiulizi kitu tena. Meseji yake bado inaingia saa kumi na moja, na huwa naamka kuisoma.