Futa Kauli, Mama

Karatasi bado ipo ukutani, juu ya kitanda alicholalia mama. Niliiandika mwenyewe kwa maka peni nyekundu: MIMI NI MZIMA. SIUMWI. NAISHI. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo nilimkaririsha, asubuhi, mchana na jioni, kabla ya vidonge. Mimi ni fundi cherehani hapa Gungu, na wanaonifahamu wanajua mdomo wangu hauna breki. Nikishika jambo, nimelishika. Siku hizi nikiitazama ile karatasi natamani kuichana, halafu mkono unagoma.

Mambo yalianzia kwenye semina. Kanisani kwetu alikuja mwalimu kutoka Dar akafundisha fikra chanya kwa siku tatu. Simsemi vibaya, alikuwa mtu wa watu, anachekesha hadi machozi. Alisema mtu huwa kile anachokiwaza na kukitamka, kisha akafungua Biblia akatuonyesha kwamba Mungu aliumba kwa kusema, na sisi watoto wake tunaumba kwa kusema. Mtu akitamka baya mbele yako, mkatishe hapo hapo: futa kauli! Tulifanya mazoezi pale ukumbini, tunakatana maneno huku tunacheka. Nikarudi nyumbani nimewaka moto. Mteja akisema gauni halitamtosha, namwambia futa kauli, dada. Anafuta, kisha gauni linambana vile vile na mimi nalifumua.

Baada ya miezi michache mama akashuka kutoka Kalinzi, kule milimani, tumbo limevimba. Mama alikuwa Mrundi. Alivuka kuja huku akiwa msichana, akikimbia vita, akaolewa na baba yangu, Muha wa hapa hapa, wakalima kahawa na maharage mpaka baba akafariki. Ya kabla ya kuvuka hakuwahi kuyasimulia. Ukimuuliza, anaitikia "ego, ego", ndiyo, ndiyo, kisha anainuka kwenda kuchungulia sufuria jikoni.

Hospitali tulikwenda, na dawa alikunywa. Kwa hilo sijilaumu. Daktari aliniita pembeni akasema nimrudishe nyumbani, nimpe anachopenda kula, nikae naye. Nikamjibu, "Napokea uzima wa mama yangu kwa jina la Yesu." Akanitazama kidogo. "Sawa, dada," akasema. "Lakini kaa naye."

Sikukaa naye. Nilimsimamia, kama mwalimu wa darasa la kwanza anavyosimamia watoto.

Kwetu mgonjwa akijua anaondoka, humwita mtu wake mmoja akamwachia neno. Linaweza kuwa la shamba, la msamaha, la siri. Huyo mtu ndiye anayeulizwa siku ya kuanua matanga, mbele ya ndugu wote: marehemu ametuachia neno gani? Nililijua hilo tangu utotoni. Ndiyo maana mama aliponiita, niliogopa kuliko yeye.

Mara ya kwanza alikuwa ameketi mkekani nje, anaota jua, mimi nakunja pindo. "Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu, "iweke kwanza hiyo nguo. Mimi nikifa..."

"Futa kauli, mama!" Nilipiga ukelele hadi jirani akachungulia.

Akalitazama pindo langu. "Haya, nimefuta," akasema, kwa upole ule wa mtu aliyekosea nyumba ya watu.

Mara ya pili aliniomba nimpeleke Kibirizi, zinakoondokea boti za kwenda vijiji vya kaskazini, Mwamgongo na kuendelea, hadi karibu na Burundi. Tukapanda bajaji. Pale ufukweni wapakizi wanagombana, akina mama wanageuza dagaa mchangani, na mama yangu hamtazami yeyote. Anatazama ziwa, upande wa kwao. Akanishika mkono. "Kule niliacha..."

"Mama, hatuangalii nyuma. Yaliyopita yamepita. Sema, mimi ni mzima."

Boti moja ilikuwa inawasha injini. Alingoja makelele yapungue, nikajua atarudia. Akasema, "Mimi ni mzima." Jamani, nilivyofurahi! Nikamnunulia samaki, migebuka ya kukaanga, ambayo hakuweza hata kuionja.

Aliacha nini? Kaburi? Mtoto? Mtu aliyemkosea? Nazungusha cherehani kutwa nikijiuliza hivyo, na hakuna wa kumuuliza.

Asubuhi aliyofariki sauti ilikuwa imebaki kidogo sana. Hapo, naapa, nilikuwa tayari. Kifo nilikiona kwa macho yangu, na semina yote ikanitoka. Nikamwinamia. "Mama, sema. Sema chochote unachotaka." Akanitazama kama mtoto anayetaka kumpendeza mwalimu mkali. "Mimi ni mzima," akasema. "Siumwi." La tatu hakulifikia.

Tangu hapo nimejaribu kuyapatanisha yale mafundisho na imani yangu, nimeshindwa. Nasoma jinsi Yesu alivyowaambia wenzake kule bustanini kwamba roho yake ina huzuni kiasi cha kufa. Yeye mwenyewe, Mwana wa Mungu, alitamka! Na hakuna aliyemwambia afute kauli. Wao walilala tu. Mimi sikulala. Nilikuwa macho kabisa, na nikamziba mdomo. Nikiomba sasa, namaliza haraka, kwa sababu sijui Mungu gani ananisikiliza, yule wa karatasi au yule wa bustanini.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ya kuanua matanga kichwa kilikuwa kitupu. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, alishuka kutoka Kalinzi kuongoza kikao. Uani palijaa ndugu, majirani na wenzangu wa kanisani.

"Binti yangu," akasema, "wewe ndiye uliyemuuguza. Mama yako ametuachia neno gani?"

Niliinamia pindo la kanga yangu. Akadhani naona haya, akataka kunisaidia. "Usiogope, liseme tu. Shemeji aliniambia ana neno alilolibeba tangu kwao. Nikamwambia, niambie mimi, huo mwili wako hauwezi safari. Akakataa. Akasema, ni la mwanangu, nashuka Gungu nikamwambie mwenyewe."

Kumbe hakuja kuuguzwa! Milima yote ile, juu ya pikipiki, na tumbo lile, alikuja kuniambia.

"Haya, mama," baba mdogo akasema. "Tunakusikiliza."

"Alisema yeye ni mzima," nikajibu.

Wenzangu wa kanisani wakaitikia, "Amina!" Baba mdogo hakuitikia. Alikuwa bado ananitazama, anangoja niendelee.