Kete za Kinole Haziwaki Kijani

Nilikwenda Kinole kwa sababu ya maneno ya mume wangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Mazimbu, na wateja wasipokuja nacheza drafti kwenye simu. Kijiweni mbele ya duka langu wanaume hucheza kwa vizibo vya soda kutwa nzima, lakini sijawahi kuona mwanamke kwenye benchi lile, na sikuwa na haraka ya kuwa wa kwanza. Kwenye simu hakuna anayejua kama wewe ni Mama Tatu au nani. Safari hii waandaaji wa mashindano ya drafti ya Kinole walitenga nafasi nne kwa watakaofuzu kwa mtandao, na mimi nikapata moja. Nilipomwambia Salum, mume wangu, alicheka mpaka chai ikamwagika.

"Simu ndiyo inayocheza," akasema. "Wewe unabonyeza tu."

Iliniuma, na zaidi kwa kuwa sikuwa na uhakika kama anakosea. Nilikuwa nimesoma kwamba kwenye poka, ule mchezo wa karata wa ng'ambo, watu waliofuzu kwa mtandao wamewahi kukaa meza moja na mabingwa, na wapo waliowafunga. Nikajipa moyo kwa hao, ingawa hawakuwa na mume kama Salum.

Ijumaa, baada ya swala ya mchana, nilifunga duka nikapanda gari la Kiroka. Baada ya Bigwa joto la mjini lilianza kutuachia. Njia panda nikachukua pikipiki, na kuanzia hapo ni kupanda tu, migomba huku, michungwa kule, barabara nyekundu inayoteleza hata kama mvua imenyesha juzi.

"Dada, unaenda kununua viungo?" dereva akauliza.

"Naenda kucheza drafti."

Alipunguza mwendo, akanitazama kwenye kioo. "Basi shika vizuri," akasema, "tusije tukampunguza mchezaji."

Saa kumi na moja jioni nilifika kwa wenyeji wangu, Mzee Mkude, mfanyabiashara wa mdalasini na pilipili manga, na mkewe Bi Zaina. Mdalasini ulikuwa umeanikwa uani na nyumba nzima inanukia. Nikamwamkia mama shikamoo, akaitikia marahaba, akaniletea magimbi na chai.

"Mumeo yuko nyuma anakuja?" akauliza.

"Hapana mama. Mchezaji ni mimi."

Alipiga makofi kwa furaha. "Ukipangwa na mzee wangu, mnyamazishe. Mimi miaka thelathini nimeshindwa."

Jumamosi saa tatu asubuhi tulikusanyika kwenye baraza la ghala la ndizi. Mwamuzi alitusomea sheria. Ukiwa na kete ya kula, lazima ule. Usipokula, mpinzani anaiondoa kete yako iliyopaswa kula, kisha anaendelea na zamu yake. Watazamaji wanaruhusiwa kukutania wanavyotaka, lakini anayekuonyesha kete ya kula anatolewa barazani. Nilisikia yote hayo nikaona hayanihusu, kwa kuwa kula lazima hata kwenye simu ndiyo sheria.

Sisi wa mtandao tulianza vibaya. Mwanafunzi mmoja wa chuo alitolewa kabla hajamaliza soda yake. Askari magereza wa Kingolwira alifungwa akampa mpinzani wake mkono kwa heshima zote. Wa nne hakutokea kabisa. Nikabaki mimi, na aliyekaa mbele yangu alikuwa Mzee Mkude mwenyewe.

Mzee alicheza huku anaongea bila kituo: bei ya pilipili, jirani aliyeoa mara ya tatu, mgeni aliyekula magimbi yake jana halafu leo anataka kumla na kete. Baraza zima linacheka, na mimi nacheka. Nikasogeza kete ya pembeni, nikaona nimecheza vizuri kweli. Mzee akanyanyua kete yangu nyingine, ya katikati, akaiweka mfukoni.

"Hujala, binti," akasema.

Masikio yaliniwaka. Kwenye simu, kete inayopaswa kula huwaka kijani. Miaka yote hiyo sikuwahi kuitafuta, nilikuwa naonyeshwa. Salum alikuwa amesema kweli, angalau nusu yake. Duru hiyo nilifungwa, na ilibidi kushinda mbili zilizobaki.

Nilikunywa maji, nikakaa upya. Kabla ya kukata kitambaa huwa napitisha kiganja nguo yote, kutafuta tundu au uzi uliokatika. Nikaamua kufanya hivyo hivyo kwa macho: kila zamu, kutoka kona hadi kona, ndipo niguse kete. Nilikuwa mzito mpaka watu wakaniuliza kama nashona suti. Duru ya pili nikafikisha kete mwisho wa ubao ikawa kingi, nikashinda.

Ya tatu mzee akaanza kupunguza maneno. Jirani wa ndoa tatu akasahauliwa. Kuelekea mwisho akanyamaza kabisa, na nilipokula kete zake mbili za mwisho kwa mkupuo, sauti pekee niliyoisikia ilikuwa ya Bi Zaina nyuma ya watu: "Amenyamaza! Jamani, amenyamaza!"

Mchana nilitolewa na muuza mananasi, kwenye nne bora. Alinifunga kihalali, na sikupoteza hata kete moja kwa kusahau kula. Niliridhika sana, na sioni haya kusema hivyo.

Jumapili niliteremka na mdalasini, mananasi matatu na salamu za Mzee Mkude, aliyeniomba nirudi nimpe nafasi ya kulipiza. Saa tisa alasiri nilishuka mbele ya duka langu. Salum alikuwa kijiweni. Nilimweleza yote pale pale mbele ya wenzake, na ile kete iliyoingia mfukoni sikuificha.

"Kumbe simu ilikuwa inacheza kidogo," akasema.

"Kidogo," nikakubali. "Imeisha chaji tangu jana."

Alinitazama, akautazama ubao, kisha akamwambia aliyekuwa mbele yake ainuke.

"Kaa," akasema.

Nikaweka mananasi chini ya benchi, nikaanza kupanga vizibo.