Sweta la Emilia

Kabla ya kumsemesha mtu, Oliva alipapasa kwanza pindo la nguo ya mtu huyo. Alianza tabia hiyo alipokuwa akiuza mitumba sokoni Makambako, miaka ile serikali iliporuhusu biashara hiyo, na hata kiharusi hakikumwachisha.

Kiharusi kilimwachia maneno yote, hata utani. Kilichochukua ni nyuso. Alimtazama binti yake Emilia, wa miaka saba, kama mteja mgeni, mpaka mtoto amsalimu, "Kamwene, mama," ndipo aijue sauti na kumkumbatia.

Shemeji yake Yusto alisema huo ni wazimu. Akaita kikao cha ukoo Njombe ili amchukue Emilia akamlee kwake Matembwe.

Zita, nesi aliyemuuguza Oliva, alikwenda kumtetea. Aliwaeleza habari za Anselmi, mpasua mbao aliyeangukiwa na gogo: alimtambua kila aliyeingia wodini, lakini hata jina la mkewe hakuweza kulitamka. Oliva alikuwa kinyume chake. Kwa hiyo, alisema Zita, kutambua sura na kusema ni kazi mbili kichwani. Moja ikiharibika, nyingine yaweza kubaki nzima. Aliyepoteza nyuso hajapoteza akili.

Wajomba walianza kukubali. Yusto akauliza taratibu, "Sawa, nesi. Mtoto akipotea sokoni, atamjuaje?"

Wagonjwa wake wawili walionyesha kwamba kazi hizo zimetengana. Hawakuonyesha kama mama huyu anaweza kulea. Yusto akataka wasichana watano wasimame kimya uani, Oliva amchague wake. Zita angeweza kukataa. Lakini aliliona sweta jekundu la Emilia kwenye mstari wa wasichana waliokuwa wakijipanga, lenye kiraka kiwikoni alichokishona Oliva mwenyewe. Mikono itamjua, aliwaza, akakubali.

Oliva alipita polepole, akipapasa. Kwenye kile kiraka vidole vilisimama.

"Huyu," alisema, akamkumbatia.

Alikuwa binti wa Yusto. Kwa baridi ya asubuhi ile watoto walikuwa wameazimana masweta, naye Zita, mwenye macho mazima, alikuwa ameangalia sweta tu. Emilia alisimama wa pili kutoka mwisho, ameibana midomo, machozi yakimtiririka, kwa kuwa aliambiwa asiseme neno.

Kikao kikamkabidhi Yusto mtoto. Jioni Zita alimsindikiza Oliva kwenye basi la Makambako, akatafuta maneno ya kuomba radhi. Oliva alipapasa kwanza pindo la gauni jeupe la nesi.

"Siku ukifika Matembwe, sista, mwambie Emilia simlaumu. Lakini akija kwangu, aanze kuongea akiwa bado mlangoni."