Aliyemleta Mgeni Bwawani

Siku ile ya ugomvi kule bwawani Chanika tulikuwepo hivi: mie, kaka yangu Selemani wa tumbo moja, shangazi yetu Mwajabu aliye dada wa baba, jirani yetu Mama Paulo wa kutoka Moshi, na Gervas, aliyekuwa akifanya kazi na Selemani gereji ya Ubungo. Huyo Gervas ndiye mgeni.

Mwanangu, bwawa lile halikuwaga na geti wala mlinzi. Mgeni aliingia na mwenyeji wake, basi. Wanawake tulivua kwa tenga kwenye maji mafupi, wanaume kwa ndoano pale kwenye tuta. Sasa perege jike hubeba watoto wake mdomoni. Ukimvua taya limemvimba, unamrudisha majini taratibu, kabla hajawatema.

Gervas akamvua wa hivyo. Selemani akamwambia mrudishe, lakini kwa kubembeleza, maana alimwonea haya mwenzie wa mjini. Gervas akamminya taya aone kuna nini. Watoto wakamwagika kwenye udongo mkavu, wanarukaruka, naye anacheka. Mpaka leo nikikumbuka kile kicheko damu inanichemka.

Mama Paulo akamuuliza Selemani kama Jumamosi ijayo atatuletea na wa kuyanywa maji yote. Shangazi hakucheka. Alimpita Gervas kama hamwoni, akamnyang'anya Selemani ufito wake wa kuvulia.

"Shangazi, si mimi niliyemminya."

"Yeye namjua mie? Nakujua wewe. Kamlete awaombe radhi wanaokula hapa. Bila hivyo usikanyage."

Selemani akamfuata Ubungo. Gervas akamcheka mbele ya gereji nzima, eti mtu mzima kafunga safari kwa ajili ya vidagaa. Selemani akarudi peke yake, akamweleza shangazi yote, machozi yanamlenga. Shangazi akamrudishia ufito.

"Aibu yake umeionja," akamwambia. "Mwingine utamchagua."

Nyie siku hizi mnajaza marafiki kwenye gari, mnashuka na spika, perege anakufa mkononi mnatafuta pozi la picha. Nikiuliza huyu kaletwa na nani, kila mtu anatazama simu yake. Halafu mnanung'unika bwawa limewekewa uzio. Mlitaka waweke zulia?

Mwanangu, usimpeleke mtu kwenye riziki ya watu kama huwezi kumwambia "acha" naye akaacha. Mungu akujaalie marafiki wanaosikia, na akupe ulimi wa kuwaambia mapema. Na kama kuna jina nimelikosea, au yupo anayeikumbuka siku ile vingine, anisahihishe ningali hai.