Machicha ya Muravumba

Harufu ya muravumba hukaa mikononi hata ukishanawa. Kwetu Kalengera, kando ya barabara ya Rutshuru, kichaka chake kilisimama nyuma ya jiko. Majani yake manene yana vinyweleo, yananata vidoleni. Mama yangu, Konsolata, aliyachemsha kwa kikohozi na homa, akayaponda kwa tumbo linalosokota. Lakini kiangazi kikifika, kichaka hudondosha majani yote, hubaki maua matupu, meupe yenye kugusa zambarau, nyuki wamejaa. Na kwetu maua hayachemshwi. Ndiyo maana mama aliyaanika majani mapema, akayatunza katika kikapu juu ya moshi wa jiko. Akiba haiozi. Tena muravumba una miiko yake: hauuzwi, mtu hanyimwi, na anayepewa hasemi aksanti. Akisema, dawa inakufa.

Kiangazi kimoja, nikiwa mtoto, kifaduro kilipita nyumba kwa nyumba. Jirani yetu, mama Venansia, alikuja asubuhi kumwombea majani mwanawe Innocent, aliyekuwa anakohoa. Akachungulia kikapu.

“Konsolata, ile kikapu yako imekonda sana kama bwana yangu.”

“Bwana yako anakondea pombe. Kikapu inakondea majirani,” mama akamjibu, wakacheka. Kisha akamkung’utia majani yote yaliyobaki. Venansia akaondoka kimya, kama inavyotakiwa.

Kabla jua halijazama, mdogo wangu Feresita akaanza kukohoa, kikohozi kile cha kuvuta pumzi kama mlango mbovu. Mama akanituma mbio kwa Venansia, nikakuta majani yamekwisha kuchemka. Maji yakimwagika hayazoleki. Hata hivyo Venansia alinifuata nyuma, amefunga machicha katika jani la mgomba, machozi yanamtoka. “Konsolata, nimeleta yaliyobaki. Jaribu tu, dada.” Na mama, kwa kuona mwenzake ameacha mtoto mgonjwa nyumbani ili amletee machicha, ulimi ukamponyoka. “Aksanti, Venansia.”

Wote wawili walisimama wakitazamana. Mama aliyachemsha hivyo hivyo. Maji yalitoka meupe, bila harufu. Innocent alipona. Feresita tulimzika maua yangali kichakani.

Mimi sikusoma sana, sijui kama majani mazima yangemwokoa. Lakini mama, mpaka anakufa, aliamini kwamba neno lake ndilo lililommaliza mtoto.

Sasa niko Goma, kwa sababu ya vita, juu ya mawe ya volkano. Kijiti nilichokuja nacho kutoka Kalengera nilikipanda katika bido, dumu kuukuu la maji, kikakauka. Mjukuu wangu Esperance anakohoa tangu juma lililopita. Dawa alizoandikiwa hatujazipata zote. Nimebisha milango ya majirani, watu waliokimbia kama mimi, kila mmoja na wagonjwa wake, wala hakuna mwenye kichaka. Zamani tulikosa majani, lakini palikuwa na mtu wa kutuletea machicha. Leo ningeuma ulimi wangu mpaka utoke damu, nisiseme aksanti. Ila hakuna anayenipa kitu.