Duka la Dawa la Mke Mwenzangu

Mke mwenzangu alimuuzia mama yangu dawa ya presha iliyokwisha muda, na sasa mama amepooza upande mmoja. Mume wetu alimfungulia yeye duka lile, lenye makabati ya vioo na feni. Mimi nikapewa ufagio wa kulifagia. Wateja humwita daktari naye huitika, ilhali alisomea ushonaji.

Wakaguzi wa dawa wakionekana mtaani kwetu, wenye maduka hupigiana simu na milango yote hufungwa. Juzi simu ilipolia, aliniambia, "Bi mkubwa, shusha mlango haraka."

"Shusha mwenyewe, daktari. Mimi ni wa kufagia tu."

Kabla hajaufikia, wakaguzi walikuwa ndani. Waliondoka na maboksi ya dawa mbovu, wakalifunga duka kwa kufuli lao. Jioni mume wetu akaniuliza kwa nini nina kijicho.

"Ninacho," nikamjibu, "na mama yangu hawezi kushika kijiko."

Mke mwenzangu bado hajaenda kumwangukia mama. Hilo ni deni lake. Wakaguzi nao wana deni la kuyarudia maduka yote yaliyowahi kufunga milango siku ile.