Kitufe cha Jiwe la Sabuni

Plastiki inayoyeyuka polepole juu ya moshi hainuki kama plastiki iliyotupwa motoni. Harufu yake ina utamu wa kuchefua, kama sukari iliyoungulia kwenye sufuria, na jikoni kwa nyanya yangu kule Manga ilichanganyika na harufu ya mahindi mabichi na kuni za mkaratusi hata nikachelewa kuitambua. Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimeketi mlangoni nikimenya ndizi za jioni, mvua ya masika ikipiga mabati kwa wiki ya pili mfululizo, nilipokumbuka nilichokiweka juu ya uchaga wa kukaushia mahindi, pale juu ya meko. Ilikuwa redio ya babu. Katika nyumba nyingi za kwetu, betri zikianza kuchoka, zilitolewa zikaanikwa juani, nazo zikapata nguvu ya siku mbili tatu. Kazi hiyo nyumbani ilikuwa yangu. Lakini jua halikuwapo, na mimi nikajiambia kwamba joto ni joto. Uvivu wa kuzitoa betri ukanifanya niiweke redio nzima.

Ili uelewe nilichoharibu, ni lazima nikueleze kuhusu babu. Macho yake yalikuwa yamezimika kabisa miaka miwili kabla ya hapo. Mtu aliyekuwa akichuma chai tangu alfajiri sasa alishikwa mkono kwenda chooni, alishikwa mkono kwenda kanisani, na mezani aliambiwa mboga iko upande gani wa sahani. Kila kitu kilimfikia kupitia mkono wa mtu mwingine, isipokuwa redio. Redio hiyo, kubwa kuukuu ya mbao na plastiki aliyoinunua akiwa kijana, hakuruhusu mtu kuigusa, ila mimi wakati wa kuanika betri. Macho yalipoanza kufifia alikuwa amechukua msumari wa moto akatoboa kijishimo pembeni mwa kitufe cha kutafutia stesheni. Alikizungusha kushoto hadi kikagoma, kisha akarudi kulia akihesabu: kijishimo kikikutana na kidole gumba mara ya pili, hapo ndipo kipindi cha Ekegusii, lugha yetu, kilipokuwa, mara ya tatu na nusu, taarifa ya habari ya Kiswahili. Akishakipata kituo alikuwa akisema, “Haya, nyamazeni,” kwa sauti ya mwenye nyumba.

Nilipoishusha, kitufe hicho kilikuwa kimelegea na kushuka chini kama nta ya mshumaa. Nyanya aliingia akaitazama redio, akanitazama mimi, akafunika sufuria. Jioni babu alipoulizia redio yake, nyanya alisema, “Niliiweka karibu na moto, ikaharibika.” Basi. Babu hakugomba. Tangu siku hiyo akitaka chai aliniagiza mimi nimwambie nyanya, hali nyanya ameketi hatua tatu kutoka kwake. Nami nilibeba maneno hayo hatua hizo tatu, kwenda na kurudi, siku baada ya siku, bila kufumbua kinywa kuhusu lililo la kweli.

Mvua ilipopungua, nyanya aliifunga redio kwa leso, tukashuka naye hadi mjini Kisii kwa fundi mmoja aliyeitwa Salim, ambaye duka lake lilikuwa upana wa mlango tu. Salim aliifunua leso akacheka.

“Mama, hii redio mlipika ama mlichoma?”

“Tulipika,” nyanya akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. “Sasa wewe pakua.”

Salim alikuwa na maboksi ya redio zilizokufa, na alipogundua kwamba natazama, alianza kunieleza kila anachofanya. Karatasi ya spika ilikuwa imekauka ikapasuka. Akatoa spika nzima kwenye redio nyingine, akaipima kwanza kwa kipande cha uzi, kwa sababu spika ikizidi hata kidogo matundu ya skrubu hayakutani. Ndani kulikuwa na uzi mwembamba unaovuta mshale wa stesheni, nao ulikuwa umekatika kwa joto. Akaweka uzi wa kuvulia samaki, akauzungusha kwenye gurudumu mara tatu. “Mara mbili unateleza,” alisema, “mara nne unajinyonga.” Nyaya mbili akazichomelea upya kwa risasi. Redio ikakoroma, ikasema. Lakini kitufe hakikupatikana. Fimbo ya redio ile, inayobeba kitufe, ilikuwa nene na bapa upande mmoja, na vitufe vyote vya maboksini vilikuwa vya fimbo nyembamba za mviringo. Kimoja kilicheza, kingine hakikuingia. “Sitakudanganya, mama,” Salim akasema. “Hii hawatengenezi tena. Tumieni koleo.”

Kwa hiyo tulirudi na redio inayosema na koleo la kuizungushia. Babu alijaribu. Koleo liliteleza, likambana kidole. Akajaribu kwa vidole vitupu, lakini ile fimbo ilikuwa fupi mno, haishikiki. Mwishowe aliisukuma redio kuelekea nilikokuwa, akasema kwa sauti ndogo, “Nitafutie.” Sikuwahi kumsikia babu akiomba chochote kuhusu redio. Nilimtafutia, sauti ikatoka safi, naye akasikiliza hadi mwisho bila kumwambia mtu anyamaze.

Wiki iliyofuata nilimwomba nyanya anichukue tena akienda sokoni. Jirani na duka la Salim kulikuwa na mwuza vinyago vya jiwe la sabuni, lile jiwe laini la kwetu linalochongeka kwa kisu, na chini ya meza yake kulikuwa na vipande vilivyovunjika. Akanipa viwili. Salim akanichorea umbo la fimbo kwenye karatasi, akanifundisha: lilowanishe jiwe, toboa tundu kwanza kabla ya kuchonga nje, usibonyeze, zungusha. Mimi nilianza kwa kuchonga nje, kwa sababu ndiko kulikopendeza. Nilichonga kitufe kizuri cha mviringo, na nilipoanza kutoboa tundu, kikapasuka katikati. Nililia kisha nikachukua kipande cha pili. Kilinichukua siku tano. Ijumaa mchana kiliingia kwenye fimbo, kikakaza kwa kipande cha karatasi, kikazunguka. Kilibaki kijishimo.

Hapo ndipo niliponaswa. Mahali pa kijishimo palijulikana na mtu mmoja tu.

Babu alikuwa kwenye benchi nje. Niliiweka redio magotini pake na kumwelekeza mkono. Alikipapasa kitufe kile kwa muda mrefu.

“Baridi,” alisema. “Nani amekichonga?”

“Mimi.”

“Kwa nini wewe?”

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya betri, mvua na uchaga, na kwamba nyanya hakuigusa kabisa. Nilipomaliza aliendelea kupapasa jiwe. “Wiki nne,” akasema. “Wiki nne namnyima yule mama maneno, naye ananiletea chai.” Kisha akakizungusha kitufe kushoto hadi kikagoma, akaweka kidole gumba chini, upande unaotazama magoti. “Hapa. Weka alama kabla sijakumbuka hasira yangu.”

Niliweka alama kwa mkaa, nikaanza kukwangua kwa msumari. Nyanya akaita kutoka jikoni, “Kemunto! Jua linaingia, weka chini hiyo kazi!” Kwetu sisi Wasabato, jua la Ijumaa likizama kazi imekwisha, hata ibaki kukwangua mara moja. Nilikwangua ile mara moja, nikapuliza vumbi. Babu akaichukua redio akaiweka ndani bila kuiwasha.

Sabato ile ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa kanisani. Jua la Jumamosi lilipozama, babu aliketi kwenye benchi lile, akaiwasha redio, akakipeleka kitufe kushoto. Nyanya alikuwa amesimama mlangoni akiwa na kijiko mkononi. Mara ya kwanza alipita kituo, tukasikia mlio mtupu. Nikanyoosha mkono. “Ondoa mkono wako,” alisema. Akarudi mwanzo. Midomo yake ilihesabu. Sauti ya mtangazaji ikatoka katikati ya neno, kwa Ekegusii, safi.

Babu akajisogeza kwenye benchi akaacha nafasi, akaipigapiga kwa kiganja mpaka nyanya akaja kuketi. Kisha akatugeukia sisi wengine. “Haya, nyamazeni!”

Sasa naishi Kiogoro na kufanya kazi mjini, na vitu vyetu vikiharibika hatutafuti kipande. Tunanunua kingine, na mara nyingi kingine ni bora. Silalamiki. Lakini macho ya mama yangu yameanza kufuata njia ya macho ya babu. Simu yake ina stesheni zote za nchi, nayo ni kioo kitupu, laini kutoka ukingo hadi ukingo, hakuna mahali kidole kinaweza kusema hapa ndipo. Jioni nikipita kwake ananinyooshea simu hiyo. Inanichukua sekunde mbili kumpatia kituo anachotaka, naye huniambia, “Asante sana, mwanangu.” Babu, kwa miaka yote aliyoishi baada ya jioni ile, hakunishukuru kwa kituo hata kimoja. Hakuwa na sababu.